Mashine za kale za michezo haziokolewi kwa kufungiwa kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako kuhusu watu wanaotunga muziki kwa mashine za zamani za michezo ya video, na ambao huzifungua mashine hizo na kuzibadilisha kabla ya kuzitumia. Mwandishi aliandika kwa lugha nzuri na bila kejeli, jambo ninalomshukuru. Hata hivyo alihitimisha kwamba muziki huo ni hamu tu ya watu waliokwisha kukua kuurudia utoto wao, kwamba sauti zake zinapatikana kwenye kompyuta yoyote ya leo, na kwamba kila anayeshika bisibisi na kufungua mashine ya mwaka 1989 anaharibu urithi uliopaswa kuwekwa ndani ya kabati la kioo. Hoja hizo zimeshikana, na kosa la ile ya kwanza ndilo lililozaa kosa la ile ya mwisho, kwa sababu asiyejua sauti hiyo inatoka wapi hawezi kujua ni kitu gani hasa kinachopaswa kuhifadhiwa.

Muziki huo, unaoitwa chiptuni, kwa maana yake ya awali si muziki uliorekodiwa ukawekwa akiba. Kila unaposikika hutengenezwa upya na chipu ya sauti iliyomo ndani ya mashine, ambayo hupokea maagizo kutoka kwenye programu: panda hadi noti hii, punguza sauti taratibu, nyamaza, anza tena. Chipu haina habari na gitaa wala zeze. Inachoweza ni kuupandisha na kuushusha umeme kwa mpangilio fulani, na sikio letu ndilo linaloupokea mpangilio huo kama noti.

Tuichukue Game Boy, mashine ya mkononi ya kampuni ya Nintendo, iliyoingia sokoni nchini Japani mwezi Aprili 1989 na ambayo hadi leo ni kipenzi cha watunzi wa muziki huu. Ina njia nne za sauti. Mbili za kwanza hutoa wimbi la mraba, yaani umeme unaoruka ghafla kati ya chini na juu, na mtunzi huchagua ni sehemu gani ya kila wimbi itakayokaa juu: asilimia 12.5, 25, 50 au 75. Lile la asilimia 12.5 ni jembamba na lina mlio wa puani, la 50 ni nene na lenye kujaa, na yale ya 25 na 75, ingawa kwenye karatasi ni mawili, sikioni ni moja. Njia ya tatu husoma wimbi fupi ambalo mtunzi amelichora mwenyewe kwa hatua 32, kila hatua ikiwa na ngazi 16 za urefu na si zaidi. Njia ya nne hutoa mchakacho, ambao hutumika kama matoazi na ngoma za mkwaruzo. Hakuna njia ya tano, na hakuna namna ya kuiomba.

Sasa mtu anataka melodi, besi, ngoma, na noti tatu za kuambatana zinazolia kwa pamoja. Hesabu inakataa. Watunzi wa miaka ya 1980 waliishinda hesabu hiyo kwa kuzipiga noti tatu kwa zamu ndani ya njia moja, kwa kasi inayofuata mwendo wa skrini, yaani mabadiliko 50 au 60 kwa sekunde, hadi sikio lishindwe kuzitenganisha na lisikie noti moja nene inayotetema. Mtetemo huo, uliozaliwa na ufukara wa njia, ndio unaomfanya msikilizaji atambue mara moja kwamba anasikia muziki wa mashine ya zamani, na leo huigwa hata na watu ambao kompyuta zao hazina upungufu wowote wa njia. Ngoma ya besi nayo haimo ndani ya Game Boy. Mtunzi huchukua noti ya juu kwenye njia ya tatu na kuiporomosha hadi chini kabisa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kisha huirudishia njia hiyohiyo noti ya besi kabla msikilizaji hajatambua kwamba besi iliondoka. Kwenye NES, mashine ya Nintendo ya kuchezea kwenye televisheni, mambo yalikuwa na ugumu wa aina yake: wimbi lake la pembetatu, ambalo kwa kawaida hubeba besi, halina udhibiti wa ukubwa wa sauti, hivyo ama linalia au limenyamaza. Juu ya hayo, mlio wa mchezaji kuruka au kupiga risasi ulihitaji njia, na njia hiyo ilinyang'anywa kutoka kwenye muziki. Kila mtoto aliyebonyeza kitufe cha kuruka alikuwa akimnyamazisha mpigaji mmoja wa bendi bila kujua, na mtunzi alilazimika kuupanga wimbo wake kiasi kwamba unyang'anyi huo usiuvunje.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayojibu dai la hamu ya utoto. Wako wanaosukumwa na hamu hiyo, na sioni aibu ndani yake. Lakini kijana aliyezaliwa baada ya Game Boy kuacha kutengenezwa, na wapo wengi wanaotunga kwa mashine hiyo, hana utoto wa kuurudia humo. Kinachomvuta ni kazi yenyewe ya kufanya mengi kwa njia nne. Programu anazotumia pia si mabaki ya zamani: Nanoloop ya Oliver Wittchow ilianza mwaka 1998, na LSDj ya Johan Kotlinski mwaka 2000, zote mbili zikiwa zimeandikwa makusudi ili Game Boy igeuke kuwa ala ya muziki, miaka mingi baada ya wabunifu wake kuipeleka sokoni kwa ajili ya michezo peke yake. Katika LSDj wimbo huandikwa kwa safu za namba na herufi zinazoshuka kwenye skrini ya nukta 160 kwa 144, na mtunzi husogea ndani yake kwa vitufe vilevile vya mchezo. Ni kazi ya subira, na asiyeipenda subira hiyo hakai nayo wiki mbili.

Dai kwamba sauti hizo zinapatikana kwenye kompyuta yoyote lina ukweli ndani yake, nami nisingependa kulipinga kupita kiasi. Programu zinazoiga mashine hizi ni nzuri sana leo. Ningemshauri yeyote anayeanza asinunue mashine yoyote. Atumie traka ya bure, yaani programu ya kuandika wimbo kwa safu za namba na herufi, kwenye kompyuta aliyonayo, ajifunze kuupanga wimbo ndani ya njia nne, na mashine aifikirie baadaye, kama bado ana hamu. Tofauti huonekana pale ambapo chipu yenyewe ina tabia zake, na hapo mfano ulio wazi kuliko yote ni chipu ya sauti iitwayo SID.

SID ilibuniwa na Bob Yannes, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya vinanda vya kielektroniki ya Ensoniq, na ilitoka ndani ya kompyuta ya Commodore 64 mwaka 1982. Ina sauti tatu, na ina kichujio cha analogi, yaani saketi inayokata baadhi ya sauti za juu au za chini. Katika toleo la kwanza, 6581, kichujio hicho hutofautiana waziwazi kutoka chipu moja hadi nyingine, kiasi kwamba wimbo uliotungwa kwenye mashine moja unaweza kusikika mzito au mkavu kwenye mashine nyingine ya aina hiyohiyo. Toleo hilo lilikuwa na dosari pia: kila mara rejista ya ukubwa wa sauti, yaani mahali ndani ya chipu panapowekwa namba ya ukubwa huo, ilipobadilishwa thamani, ulisikika mlio mdogo wa kugonga. Watunzi wakagundua kwamba wakiibadilisha rejista hiyo maelfu ya mara kwa sekunde, milio hiyo huungana ikawa sauti kamili ya ngoma au hata ya binadamu akisema, ndani ya chipu ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Baadaye likaja toleo la 8580, ambalo liliiondoa dosari hiyo kwa kiasi kikubwa, na ngoma za nyimbo nyingi zilizokuwa zikiitegemea zikafifia hadi karibu zisisikike. Mafundi wakatafuta njia, wakapata: rezista moja, yaani kipande kidogo kinachozuia umeme, iliyolehemiwa kati ya mguu wa chipu unaopokea sauti ya nje na waya wa ardhi hurudisha ile kasoro ambayo mtengenezaji aliiondoa kwa nia njema.

Ningemwomba mwandishi wa makala aitafakari rezista hiyo. Kwa kipimo chake, Commodore 64 iliyowekewa rezista imeharibiwa, na ile isiyoguswa imehifadhiwa. Kwa sikio, isiyoguswa ndiyo iliyoupoteza muziki.

Nakuja kwenye kabati la kioo. Picha ya mashine iliyotulia ndani ya kabati, safi, bila alama ya kidole, huleta fikra kwamba muda hauifanyi lolote. Haiko hivyo. Ndani ya mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 mna kapasita, yaani vipande vidogo vya kutunza chaji ya umeme, zenye kimiminika cha kemikali, na kimiminika hicho huvuja kadiri miaka inavyopita, mashine iwe inatumika au imelala. Sega Game Gear, mashine ya mkononi ya mwaka 1990, ndiyo inayojulikana zaidi kwa ugonjwa huu. Dalili huanza kwa sauti kupungua hadi mtumiaji aweke sikio kwenye spika, kisha skrini hufifia mpaka ionekane kwa pembe moja tu, kisha mashine huwaka na kuzimika yenyewe. Ukiifungua utakuta chini ya kapasita ndogo za mviringo pana utandu unaong'aa kama mafuta, na ukigusisha ncha ya moto ya kifaa cha kulehemu hupanda harufu ya samaki waliooza. Utandu huo unakula shaba. Unakula kwanza mahali kapasita ilipolehemiwa, kisha hufuata njia nyembamba za saketi na kupenya kwenye vitundu vinavyounganisha upande mmoja wa bodi na mwingine, na zikishakatika huko, kubadilisha kapasita peke yake hakutoshi. Lazima fundi aunganishe kwa waya mwembamba kila njia iliyoliwa, akiongozwa na mchoro wa saketi na mita. Kompyuta za Amiga 600 na 1200 zina tatizo la aina hiyohiyo. Amiga 500 Plus ina baya zaidi, kwa kuwa ina betri ya kuchajiwa iliyolehemiwa kwenye bodi kwa ajili ya saa, na betri hiyo ikivuja huangamiza eneo zima linaloizunguka.

Hivyo Game Gear ambayo haijawahi kufunguliwa, iliyo ndani ya boksi lake la asili, ambayo mwandishi angeipa nafasi ya heshima katika kabati lake, inaelekea kuwa ndiyo iliyo katika hali mbaya zaidi ndani. Iliyofunguliwa, ikaoshwa, ikawekwa kapasita mpya, itafanya kazi kwa miaka mingine mingi. Katika hili sioni nafasi ya kupatana: kuacha kuifungua ni kukubali ife.

Katriji, yaani vibebeo vya gemu vinavyochomekwa kwenye mashine, nazo zina saa inayohesabu. Nyingi kati ya zile zinazohifadhi kumbukumbu ya mchezaji hutegemea betri ndogo ya kidonge, kwa mfano ya CR2025, iliyolehemiwa ndani ili kuendelea kuipa umeme chipu ya kumbukumbu wakati mashine imezimwa. Betri ikiisha, kumbukumbu hutoweka. Kwa mchezaji hiyo ni hasara ya alama zake. Kwa mtunzi aliyeandika nyimbo zake ndani ya katriji ya aina hiyo ni hasara ya kazi ya miaka. Kuna mafundi wanaong'oa mfumo huo na kuweka chipu ya FRAM, ambayo hutunza kumbukumbu bila betri yoyote. Kabla ya kugusa betri lazima kumbukumbu inakiliwe kwanza kwenye kompyuta, kwa sababu ikishatolewa hakuna cha kuokoa.

Sitetei kila mabadiliko, na hapa ndipo ninapokubaliana na mwandishi kwa sehemu. Katika kazi hii ninatumia kipimo kimoja: je, fundi mwingine akiitaka mashine irudi ilivyokuwa, anaweza kuirudisha? Chukua badiliko ambalo watunzi wa Game Boy hulifanya kuliko mengine yote. Sauti inayotoka kwenye tundu la hedifoni la mashine hiyo imepita kwenye amplifaya ndogo ambayo huipunguza besi na kuongeza mvumo. Fundi hulehemu nyaya tatu, ya kushoto, ya kulia na ya ardhi, kwenye miguu ya kidhibiti cha sauti, mahali ambapo ishara haijaifikia amplifaya, na kuzipeleka kwenye tundu jipya. Besi huja imejaa na mvumo hupungua. Gurudumu la sauti la mashine halina tena mamlaka juu ya tundu hilo, na mwanamuziki hurekebisha ukubwa kwenye miksa. Nyaya hizo zinaweza kutolewa kwa dakika chache. Kilichobaki ni tundu lililotobolewa kwenye plastiki, ambalo ni kovu, na ndiyo maana mafundi waangalifu hutumia ganda jipya la plastiki na kulitunza lile la asili pembeni.

Skrini ni jambo tofauti. Skrini ya Game Boy haina taa. Huakisi mwanga wa nje kwa utando uliobandikwa nyuma ya kioo. Anayetaka kuweka taa nyuma yake lazima aubandue utando huo, na gundi yake imekauka kwa miongo mitatu. Huchokonolewa kona kwa wembe, kisha huvutwa taratibu sana kwa pembe ya chini, na mkono ukiteleza kioo hupasuka au utepe wa nyaya unaoingia ukingoni mwake hujeruhiwa, na mistari ya skrini huanza kukosekana. Hata kazi ikienda vizuri utando wa awali hauwezi kurudishwa. Kwa kipimo changu hilo si la kufanywa kwenye skrini nzima inayofanya kazi. Leo kuna skrini mpya zenye taa, za aina iitwayo IPS, zinazochukua nafasi ya ile ya zamani bila kuiharibu, na ya zamani huwekwa kwenye mfuko na kutunzwa. Zina gharama yake kimuziki, kwani hula umeme zaidi na mara nyingi huingiza mlio mwembamba kwenye njia ya sauti, na kwa sababu hiyo baadhi ya watunzi hubaki na skrini ya kijani na kuvumilia kutunga chini ya taa ya meza. (Kuhusu kuirudishia weupe plastiki iliyogeuka njano kwa kuipaka haidrojeni peroksaidi na kuianika juani, naona ni urembo tu, umanjano mara nyingi hurudi, na plastiki ya njano haijawahi kumzuia mtu kutunga.)

Kuna pia mabadiliko yanayofungua kitu ambacho mashine ilinyimwa. Famicom, ndugu wa Kijapani wa NES, iliruhusu sauti ya mashine ipite ndani ya katriji na kurudi, na kwa hiyo katriji yenye chipu yake ya sauti iliweza kuongeza ala zake njiani. Kampuni ya gemu ya Konami ilitengeneza chipu ya VRC6, iliyoongeza mawimbi mawili ya mraba na moja la msumeno, na kufanya jumla ya njia nane badala ya tano. NES iliyouzwa nje ya Japani haikuunganishwa hivyo. Nyaya husika ziliishia kwenye tundu la upanuzi lililo chini ya mashine, na muziki wa gemu iliyotumia chipu hiyo ulilazimika kupangwa upya kwa njia chache kwa ajili ya masoko ya nje. Rezista moja iliyowekwa kati ya miguu miwili ya tundu hilo huiunganisha njia ile, na NES huweza kupokea sauti ya ziada kutoka kwenye katriji inayoweza kuitoa. Hakuna kilichokatwa, hakuna kilichotobolewa, na ukiichoka unaitoa. Sijui ni urithi gani uliopotea hapo.

Kuhusu thamani ya jambo lenyewe sitasema mengi, kwa sababu wengine wenye mamlaka kuliko mimi wamekwisha kusema. Finland iliiingiza demosini, yaani utamaduni wa watu wanaotunga picha na muziki kwa kuzisukuma kompyuta hadi kikomo chao, katika orodha yake ya kitaifa ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020, na Ujerumani ikafuata mwaka 2021. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka muziki wa Super Mario Bros., uliotungwa na Koji Kondo mwaka 1985, katika orodha ya rekodi zinazopaswa kuhifadhiwa, ukiwa muziki wa kwanza wa gemu kuingia humo. Naomba izingatiwe kwamba walichokitambua Wafini na Wajerumani ni kazi inayofanywa na watu walio hai, wanaoendelea kukutana na kushindana, na kazi hiyo haiwezekani bila mashine zilizofunguliwa.

Mwandishi aligusia wizi wa gemu, na kwa namna alivyoandika msomaji angedhani kwamba mtu mwenye katriji ya kuandikika, yaani inayoweza kupakiwa programu kutoka kwenye kompyuta, ni mwizi. Katriji hiyo ni chombo. Anayepakia humo programu ya muziki aliyoipata kihalali kutoka kwa aliyeiandika hajamwibia mtu. Anayepakia gemu za wenzake bila ruhusa sheria inamhusu, na mimi sina la kumtetea. Kuyachanganya mawili hayo kunawafanya wanaofuata sheria waonekane wahalifu kwa sababu tu wanajua kulehemu.

Limebaki jambo moja, ambalo ndilo lililonifanya niandike haraka badala ya kungoja. Katika kisanduku cha ushauri kilichoambatana na makala, wasomaji wenye mashine za zamani nyumbani waliambiwa kwamba wanaweza kuzijaribu kwa adapta yoyote ambayo plagi yake inaingia. Ushauri huo ni wa hatari na unahitaji kusahihishwa. Plagi kuingia hakusemi lolote kuhusu umeme unaotoka. Adapta ya Famicom hutoa umeme wa mkondo mmoja (DC) wa volti 10, na hasi yake iko katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za leo ambazo chanya ndiyo iliyo katikati. Adapta ya NES ya Marekani hutoa umeme geu (AC) wa volti 9, kwa kuwa mashine hiyo hujigeuzia umeme yenyewe ndani. Ukiichomeka kwenye Famicom, ambayo haina sehemu ya kuugeuza, unaiunguza. Game Boy ya kwanza nayo hutumia volti 6 na hasi yake iko katikati.

Adapta ya asili ya Commodore 64 inahitaji hadhari ya peke yake, na hapa neno asili lisimdanganye mtu. Nyingi zilimiminiwa gundi ngumu ndani, hazifunguliki kwa ukarabati, na zinapochakaa waya wa volti 5 huanza kutoa zaidi ya volti 5. Kompyuta haina kinga dhidi ya hilo, na chipu za kumbukumbu ndizo hufa kwanza. Mwenye adapta ya namna hiyo aipime kwa mita kabla ya kuichomeka, na ikiwezekana anunue mpya iliyotengenezwa na fundi anayeaminika. Mashine zinazotumia betri zichunguzwe kwanza sehemu ya kuwekea betri: unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma ni mabaki ya betri za alkali zilizovuja, na husafishwa kwa siki kidogo kwenye pamba, kisha kwa spiriti, na kuachwa vikauke kabisa kabla ya kuweka betri mpya.

Naomba sahihisho la adapta lichapishwe mahali palepale ushauri ulipotokea, hata kama sehemu nyingine za barua hii zitapunguzwa kwa kukosa nafasi.

Wako mwaminifu,
Msomaji na fundi